Taa hafifu kwa mwenye bunduki

Wiki jana umeme ulipotea hapa Mulot. Nikawasha tochi ya simu kwenda kuangalia ng'ombe. Nilipoizima, sikuona hata lango la boma! Nikamkumbuka Patterson.

Desemba 1898, kule Tsavo, John Henry Patterson alimvizia simba mla watu usiku, juu ya dungu, bila taa. Macho yake yalikuwa yameshazoea giza, ndipo akatambua umbo la mnyama vichakani, akafyatua.

Jicho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza kabisa. Mwanga mweupe mkali huharibu kazi hiyo kwa sekunde chache tu. Mwekundu hafifu hauharibu sana, kwani seli zinazoona gizani haziuhisi vizuri. Ndiyo maana marubani wa Vita Kuu ya Pili walivaa miwani ya rangi nyekundu kabla ya kuruka usiku.

Cha kuchekesha, LED ya kwanza ya mwanga unaoonekana, aliyoitengeneza Nick Holonyak mwaka 1962, ilikuwa nyekundu na hafifu! Nyeupe zilikuja sokoni miaka ya 1990, nasi tukadhani kali ndiyo bora.

Basi askari wa doria, taa ya kutafutia njia iwe ndogo, nyekundu, tena mkononi. Ukiifunga kwenye bunduki, kila unapomulika mtutu unafuata, hata kwa mwenzako. Ile kali iwe ya kuhakikisha shabaha kabla ya kufyatua.