Mashindano ya gofu ya hisani: Jinsi ya kuchagua uwanja Nakuru

Waandalizi wa mashindano ya gofu ya kuchangisha fedha za hisani hawana budi kuzingatia idadi ya wachezaji kabla ya mandhari, kwani mapato hutokana na ada za wachezaji hao pamoja na wafadhili.

Klabu ya Gofu ya Nakuru, iliyo kwenye mteremko wa Menengai, ina mashimo 18. Wachezaji wanne wakianza kwa wakati mmoja katika kila shimo, uwanja hutosha watu 72. Njoro Country Club ina mashimo 9. Kwa mpango huo hutosha watu 36, nao huuzunguka mara mbili. Great Rift Valley Lodge, Naivasha, ina mashimo 18 na malazi, hivyo huwafaa wageni watakaolala.

Kabla ya kutia sahihi, ulizia ada ya uwanja, ujira wa wabebaji mikoba na gharama ya chakula. Hizo hukatwa kwanza. Salio ndilo humfikia mhitaji. Epuka Machi hadi Mei, msimu wa mvua ya masika. Iwapo wachezaji hawatazidi 36, uwanja wa mashimo 9 huenda ukaacha salio kubwa zaidi.