Jumba la New Street

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba isiyo na ghorofa mtaa wa New Street, Dar es Salaam, hatua chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Siku hiyo kila Mtanzania anaijua, ndiyo Saba Saba. Nyumba yenyewe haizungumzwi sana, na waliochanga fedha na nguvu zao kuisimamisha hawatajwi inavyostahili.

Ilikuwa mali ya African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, na katibu Kleist Sykes. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari wa Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, kisha Waingereza walipoingia akaajiriwa Shirika la Reli. Mwaka 1924 alikutana na Dk. James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast aliyekuja na Tume ya Phelps-Stokes, na mazungumzo yao ndiyo yaliyompa wazo la kuwaunganisha Waafrika katika chama kimoja. Wenzake, akina Mzee bin Sudi na Ibrahim Hamisi, walikuwa watu wa mjini wenye kazi zao na familia za kulisha.

Dar es Salaam ya wakati ule iligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa ufukweni, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja paliachwa wazi makusudi kuitenga Kariakoo na Uhindini. Mwafrika aliyetaka kufanya mkutano alitegemea baraza ya mtu au hisani ya serikali. Ndiyo maana wanachama wakaamua kujenga kwao. Walichangishana, wakajitolea, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 jumba likasimama New Street. Nadhani huo ulikuwa uamuzi wao mkubwa kuliko azimio lolote walilopitisha. Chama chenye mlango wake na ufunguo wake hakimwombi mtu ruhusa ya kukaa kikao.

Kuna miaka chama kilizorota, lakini nyumba ilibaki. Mwaka 1948 kikawa Tanganyika African Association, TAA. Kleist alifariki mwaka 1949, na mwaka uliofuata vijana wakashika uongozi: Dk. Vedasto Kyaruzi rais, na Abdulwahid, mtoto wa Kleist, katibu. Mwaka 1953 Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, akachaguliwa rais.

Kisha ikaja Julai 1954. Wajumbe walitoka majimboni: Germano Pacha kutoka Magharibi, Saadani Abdu Kandoro kutoka Ziwa, Joseph Kimalando na Japhet Kirilo kutoka Kaskazini. Kirilo alikuwa amekwisha kufika Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi ya Wameru. Wa mjini walikuwamo John Rupia, Dossa Aziz, na ndugu wawili, Abdulwahid na Ally Sykes, waliokaa kuunda TANU ndani ya jumba ambalo baba yao alisimamia ujenzi wake. Waanzilishi wote walikuwa 17. Muda si mrefu umati ukawa mkubwa kuliko jumba, mikutano ikahamia viwanjani.

Baada ya uhuru mtaa ukapewa jina la Patrice Lumumba. Jumba la zamani halipo tena. Kiwanjani pake pamejengwa jengo la ghorofa, leo ofisi ndogo ya makao makuu ya CCM.

Mengi ya haya tunayajua kwa sababu Kleist aliandika maisha yake kabla ya kufa, na karatasi zikatunzwa nyumbani. Mjukuu wake, Daisy, alizitumia alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na habari zikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Bila karatasi zile tungebaki na tarehe ya Saba Saba tu. Basi ndugu msomaji, kama wazee wako waliishi Kariakoo miaka ile, fungua makasha yao. Picha, stakabadhi ya mchango au kadi ya chama usiichome wala usiiache ikaliwa na mchwa. Ipeleke Nyaraka za Taifa.