Mgonjwa Akiwa Mbali: Tuliyoyasahau Tangu Filipi

Leo naomba unipe dakika chache zaidi ya kawaida. Wengi wenu mmeniuliza: "Pasta, mgonjwa wetu wa saratani yuko mbali. Tukimwombea kwa simu, inatosha?" Kabla sijakujibu, twende nyuma kidogo kwenye historia, kwa sababu kanisa lilianza kutunza watu wa mbali kabla simu haijawahi kufikiriwa.

Fungua Wafilipi sura ya 2, uanzie mstari wa 25. Paulo yuko kifungoni. Kanisa la Filipi linampenda, lakini kati yao kuna safari ndefu ya nchi kavu na bahari. Wanafanya nini? Wanamtuma Epafrodito apeleke msaada na kumhudumia. Akiwa huko, Epafrodito anaugua karibu kufa. Habari zinafika Filipi, watu wanaingiwa na wasiwasi, na mgonjwa mwenyewe anahangaika akijua kwamba wamesikia. Alipopata nafuu, Paulo anamrudisha nyumbani pamoja na ile barua.

Angalia jambo moja hapo. Paulo aliwahi kuombea wagonjwa wakapona, lakini hakuficha kwamba ndugu huyu alikuwa karibu kufa. Hakusema aliugua kwa kukosa imani. Na hakutuma maneno matupu: barua ilikuja na mtu.

Sasa tuje karibu na nyakati zetu. Uingereza kulikuwa na mama aliyeitwa Cicely Saunders, Mkristo, aliyesomea uuguzi, kisha kazi ya ustawi wa jamii, kisha udaktari. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa saratani hayako mwilini tu. Yako pia moyoni, katika familia na mfuko wake, na katika roho yake. Ukitibu upande mmoja na kuacha mingine, bado anaumia. Mwaka 1969 hospisi hiyo ilianza pia kuwafuata wagonjwa majumbani.

Fundisho hilo lilifika kwetu. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na mmoja wa waliofanya kazi pale mwanzoni ni Daktari Anne Merriman. Mwaka 1993 alianzisha Hospice Africa kule Kampala, akasaidia wagonjwa kupata mofini ya maji, dawa ambayo mtu anaweza kuinywa akiwa nyumbani kwake kijijini. Leo hata hapa Nakuru tuna hospisi. Watu hawa walielewa kwamba mgonjwa hawezi kuletwa hospitalini kila siku, kwa hiyo huduma lazima imfuate.

Sisi wa Bonde la Ufa tunajua umbali. Kwa miaka mingi, mtu wa Molo, Njoro au Subukia aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alipelekwa Kenyatta, Nairobi. Kutoka mjini Nakuru pekee ni kama kilomita 160. Na mionzi haimalizwi kwa siku moja: mara nyingi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mgonjwa alilazimika kutafuta jamaa wa kumhifadhi au kupanga chumba. Namshukuru Mungu kwamba sasa Nakuru ina kituo chake cha saratani.

Halafu ukaja mwaka 2020. Mwezi Machi ibada zilisimamishwa. Aprili 6 serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi. Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, ilikuwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja, na wenye magonjwa sugu waliambiwa wabaki nyumbani. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani alifungiwa nje hata siku tuliyokuwa tunashangilia kurudi.

Hapa sasa naungama, mpendwa.

Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa Nairobi kwa mionzi njia zilipofungwa. Nilimpigia simu karibu kila jioni. Nilikuwa naingia moja kwa moja kwenye maombi, kwa sauti kubwa, nakemea ugonjwa, natangaza uponyaji, nasema amina, nakata. Nilijiona mchungaji mwema. Wiki ya tatu akaniambia kwa upole, "Pasta, ubarikiwe kwa maombi. Lakini tangu uanze kunipigia, hujaniuliza nimelalaje."

Nikanyamaza. Nikamwuliza. Alikuwa amekesha siku nne kwa maumivu. Hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu kila jioni mimi nilikuwa nimeshatangaza kwamba amepona, naye aliogopa kuonekana hana imani. Maombi yangu yalikuwa yamemfunga mdomo.

Jioni ile sikuhubiri. Nilisikiliza. Kesho yake tukatafuta dada wa kanisa lingine aliyeishi mtaa huohuo, akamsindikiza kliniki. Akamweleza daktari ukweli, dawa ya maumivu ikabadilishwa, akalala. Yeye alikuwa Epafrodito wetu.

Mama alirudi nyumbani Julai, na mwaka uliofuata Bwana akamchukua. Majuma yake ya mwisho aliomba asikie kanisa likiimba. Tuliimba kwa simu, na mumewe akaishikilia karibu na mto. Hata hapo, mkono wa mtu ulihitajika.

Basi jibu la swali lako ni hili. Simu inafaa, na wakati mwingine ni bora kuliko kumtembelea. Kemo hupunguza kinga ya mwili, na mafua yako madogo yanaweza kumrudisha mgonjwa hospitalini. Lakini simu ni barua tu. Tafuta pia wa kuibeba. Ukipiga, uliza kwanza kama ana nguvu za kuongea. Uliza amelalaje, amekula nini, anaogopa nini. Kisha uliza angependa umwombee nini, uombe hicho, kwa sauti ya chini. Ukiahidi saa mbili usiku, piga saa mbili usiku, kwa sababu yeye anahesabu dakika. Mtumie nauli ya kliniki au bando, kama Filipi walivyotuma msaada. Jua ni nani yuko naye chumbani, na umtie moyo huyo pia.

Na nakusihi katika jina la Yesu: usimwambie mgonjwa aache dawa ili kuonyesha imani. Usimtangazie kilicho mikononi mwa Mungu, akabaki na aibu ya kuumia. Mungu anaponya, ninaamini hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini mtu anayeumia ana haki ya kusema anaumia, hata mbele ya pasta wake.

Kabla hujalala leo, mpigie mmoja. Uliza, halafu unyamaze usikilize.

Tuombe. Baba, wakumbuke walio katika wadi na vyumba vya kupanga, mbali na nyumbani. Utupe masikio kabla ya midomo. Na palipo na simu yetu, weka pia mkono wa mtu. Katika jina la Yesu, amina.