Kipevu: nani anajua kontena liko wapi?

Tukizungumzia kompyuta zenye akili huwa tunataja Marekani au Japani. Leo twende karibu tu, Kipevu, upande wa Changamwe, kwenye gati za makontena za bandari ya Mombasa.

Zamani shehena ilibebwa mabegani. Makuli walifanya kazi kwa makundi, na nguvu yao ilikuwa umoja: Januari 1947 waligoma pamoja na wafanyakazi wengine, watu kama 15,000, mji ukasimama. Kisha likaja kontena, lililoanza safari Marekani mwaka 1956. Kreni moja ikafanya kazi ya kundi zima, na karani mwenye karatasi ndiye aliyejua kila kontena liko safu gani.

Mwaka 2005 forodha ilianza kutumia mfumo wa Simba, uliotokana na programu ya Senegali. Mwaka 2008 bandari ikaleta KWATOS, mfumo unaopanga kontena likae wapi. Ujuzi wa karani ukahamia kwenye kompyuta.

Je, karani hahitajiki tena? La. Kompyuta inajua kile ilichoambiwa tu. Nambari ikiingizwa vibaya, kontena "linapotea" ilhali liko palepale uwanjani, na wa kulitafuta ni mtu. Basi sisi watengenezaji wa programu tukae naye kwanza, kabla ya kuandika mstari wowote. Makuli wa 1947 walisikilizwa baada ya kugoma. Karani asingoje mpaka huko.