Mshipa Uvimbao Ubongoni na Waliotafuta Dawa Yake



Mara nyingi twasikia kwamba fulani alikuwa mzima, kala chakula chake cha mchana na kuzungumza na watu wake, kisha ghafla akashika kichwa, akatapika, akaanguka. Na kabla ya magharibi watu wanaulizana maziko ni saa ngapi. Hapo huanza minong'ono: huyu asema karogwa, yule asema ni jicho la hasidi. Ajali i mikononi mwa Mola, hilo halina ubishi. Lakini sababu nazo zipo, na mojawapo ina historia yake, na leo ina tiba yake. Hiyo ndiyo tutakayoieleza.

Damu hupanda kichwani kwa mishipa ambayo, chini ya ubongo, huungana ikafanya duara. Daktari wa Kiingereza, Thomas Willis, aliieleza duara hiyo mwaka 1664. Pale mshipa unapogawanyika matawi, ukuta wake huweza kudhoofika ukafura, mfano wa mpira wa baiskeli ufurapo pale ulipolika. Yakisiwa kuwa katika kila watu wazima 100, kama 3 wanao uvimbe huo, na wengi wao huishi nao mpaka mwisho wa umri wao pasi na kujua. Msiba ni ule upasukao, damu ikamwagika kuuzunguka ubongo.

Uvimbe wa mishipa si jambo geni kwa waganga wa kale. Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu chake At-Tasrif katika sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo alieleza kuufunga kwa uzi mshipa utokao damu, na akaonya kwamba si kila uvimbe wa mshipa wa kuguswa kwa chuma. Lakini hayo ni ya mishipa ionekanayo. Ule uliofichwa ndani ya fuvu haukujulikana kwa yakini ila mtu akiisha kufa.

Basi kazi ya kwanza ilikuwa kuona. Mwaka 1891 Mjerumani Heinrich Quincke alitoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Na maji hayo yakitoka na damu, daktari hujua kuwa huenda damu imevuja kichwani. Lakini imevuja wapi? Jawabu lilitoka Lisbon, Ureno, mwaka 1927, alipotokea Egas Moniz akatia dawa katika mshipa wa shingo kisha akapiga picha ya eksirei, mishipa ya ubongo ikaonekana kwa mara ya kwanza katika mtu aliye hai. Haikuwa rahisi: kabla ya kufaulu, mgonjwa mmoja alikufa, ikambidi abadilishe dawa.

Kazi ya pili ilikuwa kuziba. Huko Edinburgh alikuwako Norman Dott, ambaye ujanani alikuwa akijifunza uhandisi, mpaka ajali ya pikipiki ikamlaza hospitali, naye akageukia udaktari. Mwaka 1931 alimfungua kichwa mgonjwa aliyekwisha kuvuja damu, na alipoufikia uvimbe, ukapasuka mbele ya macho yake. Dott akatwaa nyama ya paja la mgonjwa huyo huyo, akaibandika juu ya tundu na kuikandamiza mpaka damu ikasita. Mgonjwa akapona. Miaka sita baadaye, Machi 1937, Walter Dandy wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliubana uvimbe kwenye shingo yake kwa kibanio kidogo cha fedha, damu isiingie tena.

Hata hivyo wengi waliendelea kufa mikononi mwa wapasuaji, kwani jicho la mtu halitoshi kwa mishipa myembamba namna hiyo. Hapa yafaa kumtaja Gazi Yaşargil, aliyezaliwa Uturuki mwaka 1925. Alikuwa tayari daktari mpasuaji huko Zürich, tena wa umri wa miaka 40, alipokwenda Marekani kuwa mwanafunzi upya, akishona mishipa midogo ya wanyama chini ya hadubini. Aliporudi mwaka 1967 akaitumia hadubini hiyo katika vichwa vya watu, na wapasuaji wa dunia wakamfuata. Alifariki mwaka 2025.

Mwaka 1971, London, mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza. Tangu hapo damu iliyovuja huweza kuonekana kwa dakika chache. Na mwaka 1990, Los Angeles, Mtaliana Guido Guglielmi alipitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa kutoka pajani hadi ubongoni, akaujaza uvimbe nyuzi za platinamu, bila kufungua fuvu. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 2,143 waliogawanywa kwa njia hizo mbili: baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakitegemea watu walikuwa kama 31 katika 100 kwa kibanio, na kama 24 kwa nyuzi. Hata hivyo kibanio hakikutupwa, kwani kila uvimbe una mahali pake na umbo lake.

Ewe msomaji, tupate nini katika habari hizi? Kwanza, elimu haikuletwa na taifa moja wala kwa siku moja. Pili, mtu mzima haoni haya kurudi darasani. Tatu, na hili ndilo la nyumbani mwetu: maumivu ya kichwa yajayo kwa ghafla kama radi, makali kuliko yote mtu aliyopata kuyaona, pamoja na kutapika, shingo kukakamaa au kuzimia, si ya kungojewa asubuhi wala ya kuzungushwa kwa waganga wa ramli. Uvimbe uliopasuka huweza kupasuka tena siku ile ile. Mpelekeni mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo. Na mwenye presha atumie dawa zake, na mvuta sigara aache, kwani mambo hayo mawili ndiyo yaudhoofishao mshipa zaidi.

Dua tumwombee mgonjwa, lakini tumwombee akiwa njiani kwenda kwa daktari.