Kihispania cha Nyumbani, Kihispania cha Shule: Nani Anaihitaji Kozi ya AP?

Kila mwaka zaidi ya wanafunzi laki moja wa sekondari, wengi wao nchini Marekani, hufanya mtihani wa Lugha na Utamaduni wa Kihispania katika mpango wa Advanced Placement (AP), ulio chini ya College Board. Alama ni 1 hadi 5, na vyuo vikuu vingi humhesabia aliyefaulu vizuri kozi ambayo angeisoma chuoni. Ufaulu ni wa juu, na hapo ndipo ubishi unapozuka. Wapo wanaodai kwamba takwimu zinapambwa na watoto waliokulia katika nyumba zinazozungumza Kihispania. Mcheza kwao hutuzwa, na kwa wakosoaji hawa tuzo hiyo haina jasho. Makala haya yanapinga dai hilo. Tunashikilia kwamba mzungumzaji wa lugha ya urithi ndiye anayeihitaji zaidi kozi ya juu.

Kuhusu huyo mzungumzaji ni nani, wataalamu hutofautiana. Hata hivyo, wengi wanamfuata Guadalupe Valdés, ambaye mwaka 2001 alimweleza kuwa mtu aliyelelewa katika nyumba inayotumia lugha isiyo Kiingereza, anayeizungumza au kuielewa tu, na mwenye umilisi wa kiasi fulani katika lugha zote mbili. Maneno “kuielewa tu” yana uzito, lakini mabishano ya shuleni huyapuuza.

Takwimu za mtihani zenyewe huchangia kosa hilo. Katika ripoti zake, College Board imekuwa ikitenga “kundi la kawaida”: watahiniwa waliojifunza lugha hasa katika shule za Marekani, wasioisema wala kuisikia mara kwa mara nje ya darasa, na wasiowahi kuishi mwezi mmoja au zaidi katika nchi inayoitumia. Tazama wanaobaki nje ya kundi hilo. Yumo kijana aliyemaliza shule ya msingi Guadalajara, Meksiko, kwa Kihispania. Yumo msichana mzaliwa wa Los Angeles anayemwelewa bibi yake lakini humjibu kwa Kiingereza. Yumo pia mtoto wa familia ya Kiingereza aliyekaa Salamanca likizo moja. Kundi linalowakusanya watatu hawa haliwezi kuthibitisha kwamba lugha ya nyumbani huleta alama za bure, kwa kuwa halipimi lugha ya nyumbani.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika kazi anazopewa mtahiniwa. Katika muundo ulioanza kutahiniwa mwaka 2014, huandika barua pepe rasmi kwa rejista ya heshima. Huandika insha ya hoja baada ya kusoma makala, kuchambua jedwali au grafu, na kusikiliza sauti iliyorekodiwa, kisha avitaje vyanzo hivyo vitatu anapotetea msimamo wake. Hujibu mazungumzo kwa sekunde 20 kila zamu, na hutoa hotuba ya dakika mbili akilinganisha tamaduni. Msichana wa Los Angeles atamzidi mwenzake wa darasani katika kusikiliza. Lakini insha ya hoja haifundishwi mezani wakati wa chakula. Tahajia nayo ina mitego: katika Kihispania, b na v hutamkwa kwa namna moja, na h peke yake haitamkwi. Aliyeipata lugha kwa sikio pekee huandika anachosikia, na hukosea.

Kozi ya pili ya AP ya Kihispania, ya Fasihi na Utamaduni, inalidhihirisha jambo hili zaidi. Orodha yake ina matini 38 za lazima, kuanzia Don Juan Manuel wa karne ya 14, kupitia Cervantes na Sor Juana Inés de la Cruz, hadi Borges, Rulfo na Nancy Morejón. Hakuna malezi yanayomwandaa mtoto kwa soneti za Góngora.

Watasema: je, mwanafunzi aliyeanza Kihispania darasani haonewi? Haonewi. Alama za AP hazigawi nafasi chache kwa kupanga watahiniwa, na viwango vimekuwa vikiwekwa kwa kuangalia utendaji wa kundi la kawaida lenyewe. Mafanikio ya jirani hayampunguzii chochote.

Aliyeonewa ni mwingine. Mwaka 1998 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 227, lililobana mno ufundishaji kwa lugha mbili katika shule za umma, na halikufutwa hadi 2016 kwa Pendekezo 58. Watoto wengi walibaki na lugha ya kuongea bila lugha ya kusoma. Kuwaambia watoto wa aina hii, wafikapo sekondari, kwamba Kihispania wanakijua tayari ni kuwanyima mara ya pili. Walimu wa Kiswahili wa kidato cha tano na sita wanaifahamu kauli hiyo, kwani nao huambiwa kwamba lugha ya nyumbani haina haja ya kusomwa.

Shule ziache kuuliza mwanafunzi anazungumza nini nyumbani. Ziulize anaweza kusoma na kuandika nini, kisha zimpangie masomo kwa jibu hilo. Wazungumzaji wa urithi wapewe darasa la maandalizi lenye uandishi na sarufi ya lugha sanifu, halafu wafunguliwe mlango wa kozi zote mbili. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 40 wanaozungumza Kihispania nyumbani haina udhuru wa kuwaacha bila kisomo cha lugha yao.