Taa zenye kutembea angani jioni: satelite, ndege ao droni?

Kuna jioni watu wanatoka nje na kuonyesha juu na kidole: musululu wa taa nyeupe, moja nyuma ya ingine kama shanga kwenye uzi, unapita bila kelele. Huku kwetu neno la kwanza lenye kutoka kinywani ni « droni », na wengine wanaanza kufunga mizigo palepale. Nani atawacheka, na haya yenye tumeona? Lakini ule musululu ni satelite za intaneti za Starlink. Kampuni SpaceX ya Marekani ilianza kuzituma kwa wingi mwezi wa 5 mwaka 2019, 60 kwa mara moja. Siku za kwanza zinakaa karibu-karibu, kisha zinapanda juu zaidi na kutawanyika.

Taa moja kubwa, yenye kuvuka anga kwa dakika 5 ao 6 bila kuwaka-kuzimika, mara nyingi ni kituo cha anga cha kimataifa. Kiko kilometa 400 hivi juu, na ndani yake kuna watu.

Mwanga wa satelite si wa taa. Jua limeshazama kwetu, lakini kule juu lingali linaimulika. Ndiyo maana zinaonekanaka sana-sana kisha jua kuzama, ao alfajiri. Na ikizimika katikati ya anga bila wingu, hakuna mutu ameizima: imeingia mu kivuli cha dunia.

Basi muangalie mwendo. Satelite haisimame, haigeuke, hairudi. Kile kituo kinatoka upande wa magharibi na kuelekea mashariki: mutu wa Uvira atakiona kinatoka upande wa milima na kwenda upande wa ziwa. Ndege ya abiria inapiga-piga taa, tena iko na taa nyekundu kwa bawa la kushoto na kijani kwa la kuume, na mulio unafika nyuma. Zuhura, ile nyota kali ya jioni, haikimbie; ni mawingu yenye kupita mbele yake.

Taa yenye kusimama hewani, kugeuka na kurudi, tena na mulio kama wa nyuki, hiyo si satelite. Musibaki nje kupiga picha, muingie ndani. Na mujue droni ya vita inaweza kupita bila taa hata moja: anga tupu haimaanishe kuko salama, sawa vile musululu wa Starlink haumaanishe hatari.